Upande wa Kulia

Al-Baghdadiyah, Jeddah
Ijumaa, 6 Februari 2015

Kwako Dada Beldina,

Leo nimejiapia kwamba katika barua hizi nitakueleza yote, ya kufurahisha na ya kuaibisha, hata kama Bibi atanikonyeza niache. Nawe niahidi vivyo hivyo. Simu yako inakaa kwa madam, na mimi Baba kasema simu ni mpaka nimalize skuli, basi tumebaki na kalamu, na gari la Mjomba Hamdun. Amekubali kuchukua barua zetu kila anapopeleka samani Riyadh. Kasema atamkabidhi Naftali, dereva wa nyumba yenu, naye akupe wewe mkononi.

Tangu madam wako ahamie huko kumwangalia mama yake, na wewe ukachukuliwa pamoja na makabati, nyumba ya juu imekaa watu wengine. Kila nikisikia viatu ngazini nadhani ni wewe unashuka na kibakuli kuomba chumvi. Nilimwambia Bibi, "Chumvi walikuwa nayo tele, sijui kwa nini alikuwa akija." Bibi akasema, "Yule alikuwa haji kuomba chumvi. Alikuwa akija kuomba Kiswahili."

Sasa la muhimu. Nilimuuliza Baba, naye kakubali: mkataba wako ukimalizika kabla ya Ramadhani, yuko tayari kuwa kafili wako, yaani mdhamini wako wa kazi hapa, madam akiridhia kukuhamisha. Ukae nasi, umsaidie Bibi na magoti yake. Chumba cha uani nimeshakifagia. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenisuka nywele bila ya kuniumiza ila wewe. Hilo sikumwambia Baba, nakwambia wewe.

Utakuja?

Mdogo wako,
Wahida

*

Riyadh
21/2/2015

Wahida wangu,

Barua yako nimesoma jikoni nikichoma vitunguu, karibu niunguze nyumba ya watu. Nimecheka hiyo ya chumvi mpaka madam akauliza kama niko sawa. Msalimie nyanya yako sana. (Najua, najua, nyanya kwenu ni ya kachumbari. Mwambie Bibi asinikasirikie.)

Huku hakuna bahari, hakuna jasho la Jeddah, ni vumbi tu na baridi ya kukata masikio. Kazi yangu sasa ni mama yake madam. Wahida, yeye ni Mjapani! Marehemu mzee alienda Japani kusoma zamani, akarudi na digrii na bibi. Bibi ya kwetu, yaani mke. Akasilimu, akazaa, akazeeka hapa hapa. Anaitwa Mama Hana. Naftali siku ya kwanza aliniuliza, "Mama Hana nini? Hana meno?" Mjinga yule. Kumbe kwa Kiarabu Hana ni furaha, na mama mwenyewe anasema kwa Kijapani ni ua.

Miguu imekataa, lakini vidole, aki ya Mungu! Anakaa na mkasi mdogo na karatasi anatengeneza wanasesere. Karatasi zake za kwao, zinazotoka kwenye ganda la mti, zimebaki chache kwenye kopo la biskuti, hataki hata nizipumulie. Zingine anatumia za zawadi, za peremende, chochote. Nimekuwekea mmoja kwenye bahasha. Usishangae hana uso. Hana macho, hana pua, hana mikono. Naftali anasema kweli huyo ni wa Mama Hana. Nilimuuliza mama kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Wajhi mafi?" Uso hakuna? Akamgeuza, akanionyesha nywele na mshipi. Huyu hutazamwa mgongo. Mgongo ndio uso wake.

Wasichana wa kwao walikuwa wanajitengenezea wenyewe, zamani kabla ya vya kununua, na vipande vilivyobaki. Wanamwita anesama. Nikamuuliza maana yake. Akafikiri, akasema "ukht kabira". Dada mkubwa, lakini kwa heshima. Nikakukumbuka wewe na "Dada Beldina" yako.

Madam ananiita. Yalla bai.

Beldina

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
Ijumaa, 6 Machi 2015

Kwako Dada Beldina,

Anesama kafika salama, kapinda shingo kidogo tu. Nilimficha siku ya kwanza kwa sababu ya Bibi. Unamjua, kalenda yenye picha ya paka aliifunika kwa kitambaa ili asali. Alipomwona alivaa miwani, akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma, akasema, "Huyu hana jicho la kumtazama mtu. Malaika hawatamkimbia. Mweke." Sasa amesimama dirishani kwangu.

Halafu Bibi akanihadithia ambayo sijapata kuyasikia. Unguja, kabla hawajaondoka mwaka wa sitini na nne, walikuwa na watoto wa bandia wa matambara, wakiwafungia harusi kabisa, na pilau ya mchanga. Wake alimwacha juu ya mtungi. Alisema hivyo tu, "Nilimwacha juu ya mtungi," akainuka kwenda kutia udhu.

Nimejaribu kutengeneza. Naeleza yote, basi naeleza na aibu: gundi yangu haikushika. Mjomba kasikia kwa Naftali kwamba gundi ya Mama Hana ni wali anaousaga kwa kijiti. Nikachukua wali wa kabsa uliobaki. Mwanasesere wangu ananukia iliki na kola inamteleza kwa mafuta. Bibi kasema, "Huyo si mwanasesere, ni mgeni wa chakula cha mchana."

Naomba unifundishe vizuri, hatua kwa hatua: nywele, gundi, na nguo inavyofungwa mbele. Nataka nijifunze kabla hujaja, uje ukute dirisha limejaa.

Hukunijibu kuhusu kuja. Labda ulisahau kwa haraka. Utakuja?

Mdogo wako,
Wahida

*

Riyadh
27/3/2015

Wahida wangu,

Wali wa kabsa! Nimemwambia Mama Hana, amecheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. Sikiliza. Tumia mchele wa Kimisri, ule mfupi mnene, uive kwa maji tu, bila chumvi, bila mafuta. Ponda punje kwa kijiti bapa mpaka inavutika kama ulimbo.

Nywele: zungusha karatasi laini kwenye kijiti cha mishkaki, isukume kutoka huku na huku ijikunje, ifungue, igeuze, irudie tena na tena. Ukiona imekuwa kama utando wa maziwa yaliyochemka, halas, iko tayari.

Nguo: mstatili, unakunja shingo, unaleta pande mbili mbele zipishane. Kipande cha kulia kije juu ya cha kushoto. Hapo usikosee, Mama Hana ameniambia mara nyingi hapo ndipo penyewe. Sababu sijaelewa, Kiarabu changu kiliishia hapo. Halafu mshipi mpana, fundo nyuma.

Tarehe tatu mwezi huu ilikuwa siku ya wasichana kwao. Alitaka wanasesere wapangwe kwenye sinia ya chai, nikampangia. Akaniambia zamani sana, kabla hawajakuwa wa kuchezea, walikuwa watu wa karatasi tu. Unajipangusa naye mwilini, homa na mikosi inamwingia yeye, unamweka mtoni anaenda nayo. Wazazi walikuwa wanawafanyia watoto wao. Mimi mtu wa kanisa sijui mambo hayo, lakini nilikaa nikifikiri. Mtu uko mbali, mtoto anaugua, unafanya nini? Angalau karatasi.

Kuna mmoja mkubwa, nywele ndefu, Mama Hana amenipa karatasi yake ya kwao nimtengeneze. Huyo ni wa msichana wangu. Naenda naye polepole nisimharibu.

Baba yako mwambie nimesikia, na namshukuru sana, sana.

Beldina

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
Ijumaa, 17 Aprili 2015

Kwako Dada Beldina,

Msichana wako ndiye huyu anakuandikia! Ukiwa Jeddah ulikuwa ukiniita hivyo ukinisuka, "tulia msichana wangu," na sikuwa nimelisikia neno hilo tangu uende. Sina haraka naye, mfanye polepole. Ukija utakuja naye mkononi.

Nami nimekutengenezea zawadi, wewe na Mama Hana. Wako wawili. Karatasi nimeitafuta maduka ya Baghdadiyah yote, nikaona haina maana kununua maua ya watu, nikachora mwenyewe kanga ya Bibi ile nyekundu, na pindo lake, na jina lake: ALIYE MBALI SI ALIYEPOTEA. Herufi zilinitoa machozi kwa udogo. Yule mrefu ni wewe. Mfupi ni mimi, na chini ya miguu yake (asiyo nayo) nimeandika: Binti wa Beldina. Usinicheke. Mwonyeshe Mama Hana umwambie mwanafunzi wake wa Jeddah anasalimia.

Nilikwama mahali pamoja tu. Uliandika cha kulia kije juu. Nikajiuliza, kulia kwa nani? Kwangu mimi ninayemtazama, au kwake yeye aliyevaa? Nikamuuliza Bibi, nawe unajua Bibi huitwa nyumba za watu kuosha na kuvisha. Hakufikiri hata kidogo. "Kulia ni kwa mwenye mwili. Unamvisha bi harusi, unamvisha maiti, kulia ni kwake, si kwako wewe unayevisha." Basi wote wawili nimewafunga hivyo, kulia kwao juu. Mjomba Hamdun amewaweka ndani ya Msahafu wake mkubwa wasikunjike.

Baba ananiuliza kila Ijumaa kama umejibu. Namwambia bado unafikiri. Utakuja, Dada?

Binti yako,
Wahida

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
Ijumaa, 22 Mei 2015

Kwako Dada Beldina,

Mjomba Hamdun amekwenda na kurudi, amekwenda na kurudi, mikono mitupu. Naftali anamwambia, "Yupo, mzima, lakini hataki kuandika." Nimesoma barua zangu zote kichwani nitafute nilipokukosea. Labda ni vile nilivyojiita binti yako bila ya kukuuliza. Kama ni hilo, lifute kwa kalamu, nitabaki mdogo wako.

Skuli tuna mitihani. Nimefanya vizuri insha. Anesama yuko dirishani.

Wahida

*

Riyadh
Ijumaa, 5/6/2015

Wahida,

Hukunikosea. Kaa chini usome hii ukiwa peke yako.

Siku bahasha yako ilipofika nilikuwa na Mama Hana chumbani kwake. Nikamtoa mrefu. Akamtazama mgongo, "Zein, zein," akafurahia kanga yako, akafuata maandishi kwa kidole. Nikamtoa mfupi, nikamsomea jina, nikamtafsiria: bint Beldina. Akamgeuza mbele, akaitazama kola. Akaacha kutabasamu. Akaniuliza polepole, kama unavyouliza mtu uliyemkuta msibani, "Beldina, binti yako amekufa?"

 Wahida, mimi nina binti. Anaitwa Valary, ana miaka kumi na tatu, anakaa na mama yangu karibu na Homa Bay. Wakala Nairobi alituambia tuseme hatuna watoto, ati mabosi hawapendi mwenye watoto, atalilia nyumbani. Nikasema sina. Nikaandikwa sina. Nilipokuja kwenu jikoni Bibi akaniuliza, nikasema sina, kwa sababu nyumba yenu iko chini ya nyumba ya madam na maneno yanapanda ngazi. Baadaye nikashindwa kulirudisha. Wewe ulikuwa unaniletea kichana na kukaa kati ya magoti yangu kama yeye. Kichwa chako na chake vinanukia mafuta sawa.

Kwao Mama Hana, mtu mzima hufungwa upande wake wa kushoto ukiwa juu. Ni maiti tu hufungwa upande wake wa kulia juu. Hiyo ndiyo sababu nilikuwa sijaelewa. Mimi nilikuandikia kulia nikiwa nimekaa mbele ya mwanasesere, kulia kwangu. Wewe ukafanya kulia kwake, kama Bibi alivyosema. Na Bibi ana haki. Hakuna aliyekosea, mama. Ni Kiswahili chetu tu, mkono na kilio ni neno moja.

Lakini mimi siku hiyo sikufikiri Kiswahili. Nilimwona Binti wa Beldina amevaa sanda. Mimi mtu wa kanisa! Nikaenda kwa madam, haikuwa siku ya simu, nikamwambia naomba simu. Akasema subiri Ijumaa. Nikamwambia, "Nina mtoto, madam." Alinitazama kama nimevunja kitu. Akanipa.

Ikapokewa na sauti ya mwanamke. Nikasema, "Samahani, naomba kuongea na Valary."

Akasema, "Ni mimi. Wewe ni nani?"

Yuko mzima, Wahida. Hakuwa hata na mafua. Alikuwa anaosha vyombo. Nilikuwa nampigia Ijumaa, ndiyo, lakini mama ndiye anashika simu, na yeye huwa kwaya. Nikizungumza naye ni "salama mum", anaenda. Sikujua sauti imekuwa hivyo. Mtoto wangu alinipokea kama mgeni na mimi nikamwomba ruhusa ya kuongea na yeye mwenyewe. Nikalia, jicho la kulia na la kushoto, yote mawili.

Madam alikasirika kwa uongo wangu, siku nyingi haongei na mimi. Ni Mama Hana aliyemwita. Kiarabu chake najua sasa, nilisikia yote nikiwa mlangoni. Alisema, "Mimi nilisema nitarudi kumwona mama yangu mwaka unaokuja, na unaokuja. Nikarudi kaburini. Huyu bado ana mtu wa kumpokea. Halas, mwache aende." Mkataba umeisha, madam atanipa karatasi ya kutoka. Baada ya Idi nasafiri. Ndege inatoka hapa hapa Riyadh. Kupita Jeddah, mafi.

Kwa hivyo lile swali lako. Kila mara nililiona, na kila mara nikaandika habari za karatasi. Siji, Wahida wangu. Yule mwenye nywele ndefu ni wa Valary.

Mama Hana hakumtupa mfupi wako. Alilowesha kidole, akaifungua kola taratibu, akaigeuza, akaibandika kushoto kwake juu. Imechanika kidogo shingoni. Amemweka kwenye sinia mbele ya wengine na hataki nimwondoe. Mrefu, yule mimi, alinipa nimgeuze mwenyewe. Nitasafiri naye.

Mwambie Baba asante. Mwambie Bibi sasa najua kulia ni wapi.

Dada yako,
Beldina

*

Al-Baghdadiyah, Jeddah
Ijumaa, 12 Juni 2015

Kwako Dada Beldina,

Niliapa kueleza yote, basi na hili nalo. Nilikasirika. Nilisoma barua yako chumba cha uani, kile nilichokifagia, nikalia huko huko. Niliona wivu kwa mtu anayeosha vyombo Homa Bay ambaye hajanifanyia kitu. Nikaingia chumbani nikamgeuza anesama wako atazame nje, nisimwone.

Halafu nikakaa kitandani nikamtazama. Nikakumbuka ulivyoandika. Nilidhani nimemnyima uso, kumbe nimempa. Nywele zikaonekana, na mshipi, na lile fundo dogo ambalo siku zote lilikuwa linatazama mtaa na mimi silioni. Ni mzuri zaidi akiwa anakwenda. Sikupenda, lakini ni kweli.

Baba nilimwambia mezani. Akasema, "Mtu hazuiwi kwa mwanawe." Bibi alisikitika kwa ajili ya kola. Alisema miaka yote ya kuvisha watu, hakujua kwamba kuna mahali duniani upande wa heri ni upande wa buriani. Kisha akaniuliza, "Huyo mtoto wake anaitwa nani?" Nikamwambia Valary. Akalirudia mara mbili, na jana alfajiri nimemsikia akilitaja katika dua, kwa shida, "Vareli." Sikumsahihisha. Mwenyezi Mungu anajua ni nani.

Chumba cha uani Baba alitaka kurudisha masanduku. Nimemwomba asubiri mpaka baada ya Idi. Sitarajii kitu. Nataka tu kiwe kitupu mpaka ndege yako iruke.

Ndani ya bahasha yumo mmoja mpya. Mchele wa Kimisri, maji tu. Nimemchorea kanga ile ile, na safari hii kola nimeifunga nikiwa nimevaa mwenyewe kanga mbele ya kioo, nikihakikisha: kushoto kwake juu, kulia kwake chini. Bibi akashika taa akinisimamia kama harusi. Ni wa Valary. Nywele zake fupi kwa sababu sijui zake zikoje. Mpe awe pamoja na yule mwenye nywele ndefu wa kwako. Yeye ana kumi na tatu, mimi kumi na nne, kwa hiyo kwa Kijapani mimi ndiye anesama. Sikuandika hivyo popote. Chini ya nguo nimeacha patupu.

Mjomba Hamdun ana safari hii moja kabla ya Ramadhani. Amesema atamngoja Naftali langoni hata saa nzima ili arudi na jibu, basi andika, japo mstari mmoja, japo kwenye karatasi ya peremende. Sitauliza tena kama utakuja. Nauliza hili tu.

Mimi sikujua kwamba Valary yupo. Je, Valary anajua kwamba mimi nipo?

Wahida